KULIANDAA GARI KABLA YA SAFARI: MVUA, KIPUPWE NA MTEREMKO WA SEKENKE



  

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya tajwidi, twahara na adabu za msikitini. Safari hii tumeona tuandike juu ya gari. Huenda wapo watakaouliza madrasa na gereji vina uhusiano gani. Uhusiano ni huu: kila mwaka tunawapakia watoto wenu kwenye magari ya kukodi na kuwapeleka kwenye Maulidi, mashindano ya kuhifadhi Qur'ani au ziara za kutembelea madrasa nyingine. Tunakwenda Manyoni na Dodoma, tunakwenda Igunga, Nzega na Tabora, na mara nyingine Katesh na Babati. Mzazi anapompandisha mwanawe garini alfajiri na kumwambia "msikilize mwalimu", ametukabidhi amana, na amana hiyo haianzi pale tunapofika. Inaanza kwenye tairi.

Dua ya safari tunaisomesha tangu kwa watoto wadogo kabisa, na wote wanaijua. Lakini imekuwa kama desturi dua kusomwa kwa sauti ndani ya gari ambalo hakuna aliyeinama kuangalia matairi yake. Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Tirmidhi, mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache bila kumfunga na atawakali. Akaelekezwa amfunge kwanza. Ngamia wetu wa leo ana matairi manne, breki, taa na rejeta, na kumfunga kwake ni kuvikagua vitu hivyo kabla hajatembea.

SAFARI ZETU HAZINA MSIMU MMOJA

Wenzetu wanaoishi nchi za baridi kali, kama Sweden na Kanada, wanajua mapema lini hatari inakuja. Theluji ina miezi yake. Huko Sweden sheria inataka magari yavae matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara zinapokuwa na theluji au barafu. Mtu anaweka alama kwenye kalenda, anakwenda gereji, anabadilisha, mambo yamekwisha.

Sisi safari zetu nyingi zinafuata mwezi mwandamo, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11. Mfungo Sita unatembea ndani ya majira. Mwaka 2015 Maulidi yalikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena Desemba, na yote mawili yalikuwa ndani ya msimu wetu wa mvua. Mwaka 2024 yakaangukia katikati ya Septemba, vumbi tupu na upepo. Yanaendelea kurudi nyuma, na ifikapo mwaka 2030 yatakuwa Julai, wakati kipupwe cha Singida kinachoma masikio. Kwa hiyo dereva anayesema "mbona mwaka jana tulikwenda vizuri tu" hajatwambia kitu. Mwaka jana njia ilikuwa kavu.

MATAIRI

Tuanze hapa kwa sababu hapa ndipo kitu kinapoonekana kwa macho, hata kwa mtoto wa madrasa. Tairi lina mifereji. Kazi ya mifereji ni kupitisha maji ya mvua ili mpira ushike lami. Mifereji ikiisha, tairi likawa kipara, maji hayana pa kwenda. Gari linaelea juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi mkononi, yaani unazungusha na gari halisikii. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukishalingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama pembeni linaonekana zuri. Nchi nyingi zimeweka kipimo cha chini cha kina cha mfereji kuwa milimita 1.6, na hicho ni cha chini kabisa, si cha kujivunia.

Jambo la pili ni umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3217, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na jua letu huuzeesha upesi zaidi. Unaanza kupasuka mipasuko midogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Ndiyo maana tairi la mtumba lenye mifereji mirefu linaweza kuwa baya kuliko la dukani lililotumika nusu. Wanafunzi wetu wa hesabu wanaweza kuifanya kazi hii vizuri sana: mwambie mtoto azunguke gari asome tarakimu za matairi yote, na la akiba pia.

Jambo la tatu wengi hawalijui. Magari mengi tunayotumia, Hiace, Noah na mengineyo, yametoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi yanafika yakiwa bado na matairi ya theluji. Utayatambua kwa neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni, au kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake umetengenezwa uwe laini ili ushike kwenye barafu, joto likiwa chini ya nyuzi 7 hivi. Katika lami ya Manyoni saa saba mchana mpira huo unakuwa laini kupita kiasi: unalika haraka, gari linachelewa kusimama ukikanyaga breki, na kwenye kona linayumba. Mnunuzi anaona mifereji mingi mirefu na kushukuru kwamba gari limekuja na matairi mapya. Ni mapya kweli, lakini ni ya Hokkaido. Mwenye gari la namna hiyo ayabadilishe kabla ya kupakia abiria.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi likipoa, mgandamizo hushuka kwa takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Julai hapa kwetu alfajiri inaweza kuwa karibu nyuzi 13 na mchana ikafika 27, kwa hiyo anayepima mchana baada ya kutembea anasoma namba isiyo ya kweli. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, hupata moto, na likiwa limebeba mzigo mkubwa ndilo hupasuka njiani.

Mwaka mmoja gari tulilokodi lilikuja alfajiri likiwa na tairi la nyuma ambalo waya zake zilikwisha toka nje. Tulilikataa. Watoto walilia, baadhi ya wazee walisema tunawaharibia watoto Maulidi yao, na mwenye gari alidai fedha yake yote. Tuliondoka saa nne badala ya saa kumi na mbili, kwa gari jingine. Tangu hapo tumeweka utaratibu: gari linakaguliwa na fundi tunayemlipa sisi wenyewe, siku mbili kabla ya safari, mwenye gari akiwapo. Stika ya ukaguzi iliyo kwenye kioo ni nzuri, lakini inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa tu.

BREKI NA MTEREMKO WA SEKENKE

Anayetoka Singida kwenda Nzega anapita Misigiri, penye njia ya Kiomboi, kisha anaushuka Mlima Sekenke hadi Shelui na tambarare za Wembere. Wazee wanaikumbuka Sekenke kwa dhahabu iliyoanza kuchimbwa enzi za Wajerumani. Madereva wanaikumbuka kwa jambo jingine. Barabara hii hupitiwa na malori makubwa ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na kwenye mteremko huo yamekuwa yakipata ajali mara kwa mara. Upande wa mashariki nako, ukitoka Manyoni kushukia Kintinku na Bahi, kuna mteremko ambao haufai kudharauliwa.

Tuwaeleze wanafunzi kinachotokea. Sugueni viganja vyenu kwa nguvu, mtasikia joto. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na mwendo wote wa gari lililojaa hugeuka kuwa joto pale kwenye gurudumu. Dereva akikanyaga breki muda mfupi, joto linatoka na upepo unapoza. Akishikilia mguu kutoka juu hadi chini ya mlima, joto linajikusanya, pedi zinaanza kunuka na kupoteza nguvu. Kisha moto unafika kwenye mafuta ya breki.

Hapa pana siri. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, hata kopo likiwa limefungwa ndani ya gari. Mafuta mapya yaliyoandikwa DOT 3 hayachemki mpaka nyuzi 205. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ya DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva anakanyaga, kanyagio linazama mpaka sakafuni, gari linaendelea. Watu husema "breki zilifeli ghafla". Hazikufeli ghafla, zilikuwa zikifeli kwa miaka mitatu ambayo mafuta hayakubadilishwa. Watengenezaji wengi wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Fungueni boneti muangalie kikopo chake: yakiwa meusi kama kahawa, msubiri nini tena? Na yakiwa yamepungua, msiongeze tu na kuondoka, kwa sababu pengine pedi zimekwisha au pana mahali panavuja.

Dawa ya mteremko ni gia. Kabla gari halijaanza kushuka, si katikati, dereva apunguze mwendo na aweke gia ndogo, ile ambayo angeitumia kuupanda mlima huo huo. Injini yenyewe italishika gari. Kwa gari la otomatiki ashushe kwenye 2 au L. Breki aikanyage kwa vipindi, aiachie ipoe, akanyage tena. Kinachotuudhi sisi ni ile tabia ya kuweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Kwanza ni hatari, maana gari limebakiwa na breki peke yake. Pili, hesabu yenyewe si sahihi: injini nyingi za kisasa dereva akiachia mafuta gari likiwa kwenye gia hazichomi mafuta yoyote, wakati kwenye nyutro lazima zichome kidogo ili zisizime. Mzee wa usukani akikwambia amefanya hivyo miaka 20, mheshimu kwa umri wake, lakini mwambie aweke gia.

Ikitokea kanyagio limezama, dereva apampu haraka haraka mara kadhaa, ashushe gia moja moja, avute breki ya mkono taratibu bila kuibana yote kwa mkupuo, na aelekee upande wa mlima, si wa bonde. Asizime injini, kwani usukani utakuwa mzito na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga.

MAJI YA REJETA

Watu wa nchi za baridi hutia kulanti kwa kuwa maji matupu yakiganda kwenye sifuri hutanuka na kupasua injini. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, haigandi mpaka kama nyuzi 35 chini ya sifuri. Kwetu maji hayagandi garini, kwa hiyo wengi husema kulanti ni anasa ya Wazungu. Si kweli. Dawa hiyo hiyo huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Mji wa Singida uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Rejeta huokolewa na mfuniko wake unaobana mvuke. Mfuniko ukilegea mpira, gari linachemsha kwenye kila mpando, na fundi anabadilisha pampu isiyo na kosa.

Na maji ya kuongezea yawe yapi? Kila mtu hapa anajua visima vyetu vingi vina chumvi, na ukoko uliopo ndani ya birika la nyumbani ndio huo huo unaojijenga kwenye vijia vya rejeta. Bora maji ya mvua yaliyokingwa safi kuliko ya kisima. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Subirini nusu saa, tumieni kitambaa kinene, na watoto wakae mbali.

ALFAJIRI YA BARIDI

Kipupwe chetu hakifiki cha Makete, lakini kinatosha kuumbua betri. Joto la Oktoba na Novemba ndilo huichosha betri, baridi ya Julai ndiyo huitangaza. Kama asubuhi starta inazungusha kwa uvivu, betri ipimwe siku hiyo, isingojee siku ya safari. Vichwa vyake visafishwe ule unga mweupe, na vikazwe. Magari ya dizeli yana plagi za kupasha joto. Washa ufunguo, subiri taa ndogo ya rangi ya chungwa izime, ndipo upige starta. Kuhusu oili, ile W iliyo kwenye 15W-40 au 20W-50 ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Kwa baridi ya Singida zote mbili zinatosha. Fuateni kitabu cha gari.

VIOO, TAA NA MVUA ZA KWANZA

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba baada ya miezi mingi mikavu. Katika miezi hiyo mpira wa wipa umekaushwa na jua, na dereva hajui, maana hajauhitaji. Tone la kwanza likianguka, wipa inapaka tope. Mimineni maji kwenye kioo muiwashe kabla ya kuondoka. Mvua za kwanza ndizo zenye utelezi zaidi, kwa kuwa vumbi na oili vya miezi yote viko juu ya lami. Na gari likiwa na watoto wengi vioo vikafungwa, pumzi zao huweka ukungu ndani ya kioo. Dereva asipanguse kwa mkono huku anaendesha; awashe kiyoyozi akielekeze kioo cha mbele, au afungue dirisha kidogo.

Taa ziangaliwe na watu wawili, mmoja akikanyaga breki na kuwasha indiketa, mwingine akiwa nyuma. Zuio la mabasi kusafiri usiku liliondolewa mwaka 2023, lakini sisi bado hatusafiri na watoto usiku kama tunaweza kukwepa. Kuna ng'ombe, kuna mikokoteni ya punda isiyo na taa, na kuna malori yaliyoharibika na kuegeshwa bila alama zaidi ya matawi ya mti.

MZIGO, WATU NA SALA

Kiti kimoja mtu mmoja, hata kama ni mtoto mwembamba. Magunia ya alizeti na matenga ya kuku hayapandi juu ya gari la watoto, kwani mzigo wa juu huangusha gari kwenye kona. Sahani na sufuria za pilau zifungwe chini ya viti. Gari likisimama ghafla, sufuria haisimami.

Wanafunzi nanyi mna kazi. Mkanda usiofungika usiunyamazie kwa kuogopa kuonekana huna adabu. Mwambie dereva kwa upole: "Shikamoo baba, mkanda wangu haushiki." Ukiona anasinzia, mwite mwalimu. Dereva naye asikimbizwe kwa sababu ya sala. Fiqhi mliyoisoma imempa msafiri ruhusa ya kupunguza na kuchanganya, Adhuhuri na Alasiri kwa wakati mmoja, hivyo hakuna haja ya kufukuzia adhana ya Dodoma kwa kilomita 120 kwa saa. Katika mwezi wa Ramadhani pia msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, na dereva aliyechoka na swaumu akiwa amebeba roho za watu anapaswa kukumbushwa ruhusa hiyo.

Kabla ya kuondoka hakikisheni gari lina jeki, spana ya magurudumu inayolingana na nati zake, pembetatu mbili za tahadhari, tochi, maji ya kunywa na tairi la akiba lililojazwa upepo. Pembetatu huwekwa hatua 50 au zaidi nyuma ya gari, na kwenye mteremko wa Sekenke mbali zaidi, kabla ya kona, ili anayeshuka aione akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Abiria wote washuke wakae ng'ambo ya mtaro, wasikae kivulini mwa gari.